Pikapu ya mwaka 1991 na AC mpya: nilivyohudumiwa na fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar

Saa nane mchana, foleni ya Mbagala Rangi Tatu, mwezi wa tatu, jua linapiga juu ya paa la bati, na mama yangu kajitanda khanga mabegani ananiambia mwanangu punguza baridi. Waliowahi kupanda hii pikapu mwaka jana wanajua hilo lina maana gani kwangu. Nampa fundi nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nitasema nimeikata wapi.

Gari yenyewe ni Land Cruiser pikapu, HZJ75, ya mwaka 1991, injini ile ya 1HZ ya dizeli, sisi (cc) 4164, silinda sita, isiyo na taabo (turbo). Alikuwa nayo marehemu baba, akanunua ikiwa bado na umri mdogo, akaendea nayo Lindi na Mtwara miaka na miaka kwenye biashara ya ufuta na korosho, sasa naiendesha mie. Watu wengi wameniambia uza nunua kitu cha kisasa. Siuzi. Bodi haina kutu, giaboksi haijawahi kufunguliwa, na kila kijiji nikiharibikiwa kuna mtu anajua pa kuanzia. Kilichokuwa kinanitesa ni joto tu. Kabini ya kichwa kimoja, viti vya plastiki ya ngozi, tunnel ya giaboksi iko pale pale pembeni ya mguu inatoa moto, na mama ana presha, nikimpeleka Lindi tunafika amechoka kama ametembea kwa miguu.

AC ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilitengenezwa kwa gesi ya zamani, R12. Hiyo gesi ndo ile iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwasababu inakula tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea kama yetu zilitakiwa ziwe zimeachana nayo kufikia 2010. Kwahiyo gari nyingi za umri wa hii yangu zikaja kujazwa R134a, na hapo ndipo matatizo mengi yalipoanzia, maana watu wanadhani ni kutoa hii unaweka ile, basi.

Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa kwanza nilijaza gesi mara tano. Mara tano jamani! Elfu sitini kila mara, sehemu moja simtaji mtu, naweka gesi leo, inapoa siku nne tano, wiki ya pili inatoa upepo wa kawaida, narudi, wananiambia "dada gari ya zamani hii, gesi inaisha haraka". Nikaamini. Mara ya mwisho haikupoa kabisa, ikawa inapiga kelele kama mtu anasaga mchanga, nikaizima.

Huyu mzee wa Gerezani nilielekezwa na dereva wa fuso tunayekutana naye Nangurukuru. Sehemu yake siyo karakana kubwa, ni kibanda cha mabati na kivuli cha kuegesha gari tatu, vijana wawili, na meza ndefu imejaa kompresa zilizofunguliwa, zile pampu zinazosukuma gesi ya AC. Nimefika nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, gari inaumwa nini, nikamwambia AC haipoi nimeshajaza gesi mara tano. Akacheka kidogo halafu akaniambia neno ambalo tangu siku hiyo namwambia kila mtu: "Gesi ya AC siyo wese mwanangu, haichomwi. Ikipungua imetoka mahali, na ilipotoka imetoka na oili."

Hapo kwenye oili ndo nataka tuelewane vizuri, maana ndo siri ya gari zote za zamani zinazoua kompresa. Ndani ya mfumo wa AC oili haikai kwenye sampu kama ya injini. Inatembea pamoja na gesi, inazunguka nayo kwenye paipu zote, ndo inayolainisha kompresa. Gesi ikivuja inabeba oili taratibu. Anayekujazia gesi bila kutafuta inapovuja anakuongezea gesi, oili hajakurudishia, kwahiyo kila ukijaza kompresa inazidi kukauka. Ya kwangu ilikuwa inasaga chuma kwa chuma.

Cha kwanza alichofanya hakuwasha gari. Injini ikiwa baridi, imelala kivulini tangu asubuhi, akachomeka geji, ile ya bluu upande wa chini na nyekundu upande wa juu, zote zikasoma sawa kama 130 psi, hicho ni kipimo cha presha. Akamuuliza kijana leo joto ngapi, nyuzi 30. Akanionyesha kwenye chati iliyochorwa kwenye ile geji yenyewe: R134a safi ikiwa imetulia kwenye nyuzi 30 inatakiwa isome karibu 97 psi, haijalishi umeweka nyingi au kidogo ilimradi bado kuna majimaji ndani. Ikisoma 130 maana yake humo kuna hewa, au kuna gesi ya mchanganyiko. Yaani nilikuwa nauziwa kitu ambacho hata siyo kile nilicholipia. Hakuimwaga hewani, akaivuta kwenye mtungi wa pembeni aliouandika CHAFU kwa rangi nyekundu. Niliuliza kwanini asiiachie tu, kila mtu anaachia. Akasema 134a haiharibu ozoni ila inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu ya hewa ya ukaa, na hata makubaliano ya Kigali ya 2016 ni ya kupunguza gesi za jamii hii. Nilifurahi sana kumsikia mzee wa kwenye kibanda cha mabati anaongea hivyo huku anafanya.

Na gesi feki siyo jambo dogo. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya meli yalilipuka Vietnam, watu wakafa, sababu ikaja kuonekana ni 134a ya kughushi iliyochanganywa na kemikali inayokula aluminiamu na kutengeneza kitu kinacholipuka kikikutana na hewa. Kingine kinachochanganywa ni gesi za jamii ya ile ya kupikia, ambayo inapoza kweli, ila fikiria inavuja ndani ya kabini halafu mtu anawasha kiberiti. Kwahiyo mtungi ukiwa rahisi kuliko wote mtaani jiulize.

Akafungua. Oili iliyotoka kwenye kompresa ilikuwa nyeusi na inang'aa ndani yake, ukisugua kwa vidole unaona vumbi la chuma. Halafu akanishika mkono akanipeleka kwenye draya, kale kamtungi kanakonyonya unyevu, akanionyesha swichi ya presha pale juu yake. Waya zake zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa moja kwa moja! Hiyo swichi kazi yake ni kukata kompresa gesi ikipungua sana, ili isizunguke bila oili, na kuikata pia presha ikipanda kupita kiasi. Kuna mtu alikuta kompresa haishiki, badala ya kujiuliza kwanini swichi imekata, akairuka. Nilitaka kulia pale. Siyo hela tu, ni kwamba gari ya baba ilikuwa inajitahidi kujilinda na mtu akaizuia.

Mzee akanipa njia mbili bila kunilazimisha. Moja, kutafuta kompresa ya mtumba ya aina ile ile, kusafisha, kubadilisha draya, kujaza, itakwenda labda mwaka. Mbili, kubadilisha mfumo karibu wote uwe wa 134a kweli kweli: kompresa, kondensa (ile ya mbele inayomwaga joto nje), draya, ekspansheni valvu (tundu jembamba gesi inapopulizwa ipoe), paipu na oringi (pete za mpira za kwenye viungo), tukiacha kuling koili ya ndani ya dashibodi inayopoza upepo tu kwasababu aliipima haivuji, akaisafisha. Akaandika bei kwenye karatasi. Nikachukua ya pili, nikamwomba siku mbili za kutafuta hela.

Kompresa tumeweka Sanden ya aina ya 508, pistoni tano, ujazo wa sisi 138. Kwanini hiyo? Kwasababu ni ya kawaida sana duniani, iko kwenye matrekta, malori, mitambo, spea zake na klachi yake unapata, na haina umeme mgumu ndani, ni klachi inashika inaachia. Ila angalizo, feki zake zimejaa. Mzee alikataa ya kwanza niliyopeleka mwenyewe kutoka dukani Kariakoo, kaizungusha kwa mkono, kaangalia maandishi ya kibati, kasema rudisha. Nikarudisha, bahati nzuri nilikuwa na risiti. Ya pili tulienda wote. Na kwasababu haikai kwenye mashikio ya ile ya zamani, ikabidi achonge breketi mpya kwa bati nene la milimita 10, na hapa ndo nilimwona kuwa ni fundi kweli, alitumia karibu asubuhi nzima na rula ndefu ya chuma anapima puli ya kompresa na puli ya injini ziwe mstari mmoja, anaongeza washa (vile vibati vya duara vya kwenye bolti), anatoa washa, kijana kaanza kuchoka yeye hajali. Belti ikikaa upande hata kidogo inalia, inakula kingo, na bearing ya klachi haidumu. Mpaka leo belti yangu haijalia hata asubuhi ya mvua.

Kuhusu oili pia. R12 ilikuwa inatumia oili ya madini, na 134a haibebi hiyo oili, inaiacha imelala kwenye kona za paipu. Lazima iwe oili ya sintetiki, PAG au esta. Ndo maana kubadilisha gesi bila kuflashi mfumo, yaani kuuosha ndani, ni kazi bure. Aliflashi kuling koili mpaka kilichokuwa kinatoka kikawa cheupe, nimekiona kwa macho yangu kwenye kitambaa. Paipu nazo zile za zamani zinapitisha 134a kidogo kidogo kwenye ukuta wa mpira wenyewe maana molekuli zake ni ndogo kuliko za R12, kwahiyo paipu mpya ni zile zenye tabaka la plastiki katikati, zikapigwa vichwa vipya hapo hapo jirani. Oringi za kijani.

Kondensa ndo mabadiliko makubwa kuliko yote na watu hawaizungumzii. Ya zamani ni bomba moja refu limepinda pinda kama nyoka, gesi yote inapita njia moja. Mpya ina njia nyingi nyembamba bapa zinazokwenda sambamba, inamwaga joto vizuri zaidi kwa ukubwa ule ule. Na 134a inahitaji hivyo, kwa kondensa ya R12 presha inapanda sana kwenye joto letu. Mbele yake kaweka feni ya umeme ya inchi 12 kwa rilei, inawaka AC ikiwaka. Sababu ni foleni. Gari ikitembea upepo unapita wenyewe, ukisimama Mbagala dakika arobaini hakuna upepo, feni ya injini inazunguka polepole kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kondensa haiwezi kutoa joto, presha inapanda na ndani panakuwa vuguvugu. AC nyingi za gari za zamani zinapoa barabara kuu na kufa mjini, tatizo siyo gesi, ni upepo. Kabla ya kufunga aliitoa rejeta ikaoshwa nje, kati ya rejeta na kondensa kulikuwa na udongo, mabawa ya kumbikumbi na manyoya, sijui wa tangu mwaka gani.

Baada ya kufunga hakukimbilia gesi. Kajaza naitrojeni kwanza, kapaka povu la sabuni kila kiungo, kiungo kimoja nyuma ya draya kikatoa mapovu madogo sana, kakifungua kabadilisha oringi, kajaza tena, kaiacha usiku mzima. Asubuhi geji pale pale. Ndo akavuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote itoke, karibu saa zima. Nilimuuliza mbona muda wote huo, wale wengine wanavuta dakika kumi, akanieleza kwamba maji yakikaa kwenye utupu yanachemka yenyewe bila moto na kutoka kama mvuke, sasa hewa ya Dar ina unyevu mwingi, usipoyatoa yanaganda kwenye ekspansheni valvu na mengine yanatengeneza asidi inakula chuma. Halafu gesi kaweka kwa mizani. Kwa MIZANI, siyo kwa kusikilizia kwa mkono. Gari iliyokuwa ya R12 ikiwekwa 134a inachukua uzito pungufu, kama asilimia 80 hadi 85 ya ule wa mwanzo, ukizidisha inapoa vibaya badala ya kupoa zaidi.

Sasa sikilizeni, baada ya yote hayo tukawasha, geji zikawa nzuri, chini kama 35, juu 220, paipu ya kurudi inatoa jasho la baridi, na ndani ya gari upepo unatoka nyuzi 15. Siyo mbaya, ila siyo ile. Mtu mwingine angenikabidhi funguo nilipe niondoke, na ningeondoka nimefurahi maana nilitoka kwenye 24. Mzee akaweka mkono chini ya dashibodi, akakaa kimya, akasema hita inafanya kazi. Nikamwambia mzee nani anawasha hita Dar. Kumbe koki ya hita, ile inayovutwa na waya, ilikwama nusu wazi miaka mingi, maji ya moto ya injini yanapita kwenye hita muda wote, na kwenye hizi gari upepo ukishapita kuling koili unapita karibu na hita kabla haujatoka kwako. Yaani nilikuwa napoza hewa afu naipasha! Alitaka kuikata kabisa, nikamwambia hapana, mwezi wa sita huwa nafuata viazi Njombe na kule asubuhi bila hita vioo vinajaa ukungu na vidole vinakufa. Akaweka koki ya shaba ya mkono chini ya boneti, Dar nafunga, nikipita Makambako nafungua. Kilango cha hewa ya nje nacho sponji yake ilikuwa imesagika unga, kinaingiza hewa ya moto ya injini hata ukikisukuma kwenye kuzungusha ya ndani. Kabandika mpya. Ikashuka nyuzi 7. Nje ilikuwa 33.

Ule mfumo wa kupandisha sailensa AC ikiwaka alikuta mpira wake wa vakyumu umepasuka, mpira wa buku tatu tu, ndo maana zamani nikiwasha AC kwenye foleni gari ilikuwa inatetemeka kama inataka kuzima. Na altaneta aliipima kila kitu kikiwa kimewashwa, taa, blowa ya mwisho, feni, volti 13.9, akasema inatosha usinunue nyingine. Angeweza kuniuzia altaneta na ningenunua. Hakufanya hivyo.

Nikaongeza na mimi mwenyewe, kwa ushauri wake, ile foili nene ya kuzuia joto chini ya kapeti, kwenye ukuta wa injini na juu ndani ya paa, kazi ya jumapili nzima na mdogo wangu, na raba mpya za milango. Laki na arobaini na tano hivi. Naomba mniamini, hiyo ilifanya kazi karibu sawa na kondensa. Kabini ndogo ikiwa haivuji hewa na paa halichomi, AC haihangaiki. Kelele za injini nazo zimepungua, sasa naongea na mama bila kupayuka.

Jumla yote na ufundi imekwenda milioni moja na laki tisa na kidogo. Kompresa peke yake laki sita na ishirini, ufundi laki tatu na nusu, ambazo kwa siku alizotumia naona kajipunja. Ni hela nyingi, sikatai. Lakini laki tatu nilishazimwaga kwenye gesi zilizoruka hewani, na bado kompresa ikafa.

Nusu nyota nimeikata kwa vitu viwili. Aliniambia siku tatu, ikawa nane. Najua breketi ilichukua muda na paipu zilisubiri mtu wa jirani, lakini hakunipigia simu, mie ndo nilikuwa napiga, na siku mbili nilifunga safari kutoka Mbagala kwa daladala nikakuta gari haijaguswa. Mtu anayetegemea gari kwa biashara siku tano ni mzigo mzima wa watu. La pili, waya za ile feni alizipitisha vizuri ila hakuweka fyuzi yake peke yake, niliiona mwenyewe nilipokuwa naweka foili, nikarudi, akaiweka bure na akaniomba radhi mbele ya vijana wake. Nimeiandika kwasababu ni jambo la moto, na anayefanya kazi kama hii popote pale aulize fyuzi iko wapi.

Tangu mwezi wa pili mpaka sasa mwezi wa saba nimekwenda Lindi mara tisa na Njombe mara mbili. Daraja la Mkapa mpaka Somanga saa saba mchana vioo juu, tulivu, siyo vumbi siyo moshi wa malori. Masika pia imesaidia, mvua ikipiga na watu watatu ndani vioo vilikuwa vinajaa ukungu nafuta na kitambaa, sasa nawasha AC dakika mbili vioo vyeupe, maana inakausha hewa. Kwenye foleni inatoa nyuzi 10 au 11, natosheka kabisa. Wese limeongezeka kidogo, nilikuwa napata kama kilomita nane kwa lita nikiwa na mzigo wa kawaida, sasa saba na nusu. Nikipanda Mlima Kitonga na mzigo naizima, mzee aliniagiza hivyo, na niliijaribu mara moja bila kuzima nikaona mshale wa joto unaanza kupanda kona ya tatu, nikazima, ukarudi. Injini isiyo na taabo ikibeba tani moja mlimani usiidai na kompresa pia.

Kwa wenye zile za kutoka Japani zenye volti 24, angalieni sana, klachi ya kompresa, feni na rilei vyote viwe vya 24, yangu ni 12 kwahiyo vitu nilivyovitaja msivinunue kwa kukariri. Na mwenye Land Rover 109 isiyokuwa na AC kabisa tangu kiwandani, mzee anafunga pia zile za kuning'inia chini ya dashibodi, nimeona moja pale ya bwana wa Bagamoyo, ila hizo altaneta zake za zamani ni ndogo, hapo kubadilisha altaneta ni lazima na ataanza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee hajaniruhusu kuweka namba yake hapa, anayeitaka aje inboksi aseme gari gani na mwaka gani nitamuuliza. Nendeni asubuhi na injini ikiwa baridi, ukifika na gari ya moto atakuambia uiache mpaka ipoe ndo apime. Ijumaa anafunga saa sita kwenda msikitini na harudi mpaka saa nane na nusu. Malipo anapokea kwa simu. Mie narudi kwake mwezi wa nane kukaza belti na kupimwa tena kwenye geji, alisema hiyo hanidai.